Chanjo ya mkoba kwa wavuvi wa dago, Mkinga hadi Pangani: barafu, dozi ya pili na taka zake

Mwambao_Kata

Wakuu, habari za jioni.

Kamati ya afya ya kata yetu huku pwani ya Mkinga inaandika mpango wa dharura, iwapo litazuka janga jingine la ukubwa wa UVIKO-19. Kunawa mikono na kutosongamana tumeshaandika. Tulipokwama ni kwenye chanjo ya mkoba, yaani ya kuwafuata watu walipo, kwa makambi ya dago, kambi za msimu za wavuvi wanaohamahama. Chukueni mfano huu: kisiwani kuna watu wazima 240, wengi wavuvi wa dagaa, wamepiga kambi kwa msimu tu. Wapo Wapemba, wapo wa Vanga na Shimoni upande wa Kenya, wachache ni wa hapa hapa. Hakuna umeme wala friji. Mashua ya mashine inachukua saa mbili na ushee kutoka diko letu, pale vyombo vinapotia nanga na kushusha samaki.

Tubebe nini na kiasi gani? Barafu ipangweje? Chanjo ikiwa ya dozi mbili, dozi ya pili tunamfikishiaje mtu ambaye wakati huo keshahamia Kipumbwi kule Pangani? Na mabomba ya sindano yaliyotumika, tufukie huko huko au turudi nayo? Mwenzetu mmoja anasema janga huwa lafaa mazingira kwa kuwa watu hawasafiri, kwa hiyo suala la taka lisitupotezee muda. Nalo nisaidieni kulijibu.

BaridiNane

Mkuu, nianze na barafu. Watu wanaogopa joto peke yake, kumbe chanjo nyingi za mkoba zinauawa na kuganda.

Karibu chanjo zote za kliniki hukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Zenye chumvi ya aluminiamu ndani, kama Penta (ya watoto, ya magonjwa matano), pepopunda, HPV (ya saratani ya mlango wa kizazi), na kwa upande wa UVIKO ile ya Sinopharm, zikiganda mara moja ndiyo basi. Zikiyeyuka utaziona kama chanjo, lakini kazi hazifanyi. Wala kile kiashiria cha kwenye chupa, cha mraba ndani ya duara, hakitakuonya. Chenyewe kinasoma joto tu: mraba ukiwa mweupe kuliko duara, tumia, ukilingana rangi na duara au ukilizidi weusi, tupa. Chupa iliyoganda usiku kucha inakuonyesha mraba mweupe pe. Tena si kila chanjo inayo alama hiyo. Za UVIKO za Pfizer na Janssen zilikuja bila.

Kosa hutokea alfajiri, watu wakiwa na haraka ya kuwahi maji. Pakiti za barafu zinatolewa kwenye friza zikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri, zinasokomezwa kwenye kibebeo (sanduku la baridi la kubebea chanjo), chupa juu yake, kifuniko, haya twendeni. Chupa iliyoegemea pakiti inaganda kabla hamjamaliza mkondo wa mikoko.

Utaratibu ni huu. Toa pakiti nne kwa kila kibebeo, zilaze mezani mstari mmoja, ziachane kama sentimita 5. Kwanza zitafanya utando mweupe, halafu zitatoa jasho. Chukua moja, itikise sikioni. Ukisikia maji yanacheza ndani, iko tayari. Kwa joto letu huchukua nusu saa hadi saa nzima, lakini usiende kwa saa ya mkononi, nenda kwa sikio, na uzisikilize zote nne, maana iliyokuwa chini kabisa ya friza huchelewa. Zifute, zisimamishe kwenye kuta nne, chupa katikati ndani ya mfuko wa plastiki, kipimajoto kati ya chupa, sponji juu. Mkishaanza kuchoma, chupa iliyofunguliwa hukaa kwenye mpasuo wa sponji, hairudi chini.

Angalizo: vipo vibebeo vya siku hizi vyenye ukuta wa ndani unaozuia kuganda. Hivyo pakiti huingia moja kwa moja kutoka kwenye friza. Ukizisubirisha mezani, unajipunguzia saa za baridi bure. Soma maandishi kwenye kibebeo chenyewe.

Sasa hesabu. Tuchukue chupa ya dozi 5 na upotevu wa asilimia 10: 240 gawanya kwa 0.9 ni 267, yaani chupa 54. Mabomba yanayojifunga yenyewe, 240 na akiba ya asilimia 10, ni 264. Kisanduku salama (cha kutupia sindano zilizotumika) cha lita 5 hupokea mabomba kama 100, kwa hiyo vitatu, na cha nne ni cha akiba kwa sababu ni vya karatasi ngumu na nyie mnapita baharini. Bebeni vibebeo viwili: kimoja cha kazi, kingine hakifunguliwi mpaka cha kwanza kiishe. Melini au mashuani visikae kwenye ngama, chini panapotuama maji. Viwekwe juu ya ubao, kivulini, vifunikwe kitu cheupe.

Adrenalini 1:1000 isikosekane. Mtu mzima akipata mzio mkali ni mililita 0.5 kwenye msuli wa paja, papo hapo. Na kila aliyechomwa asubiri dakika 15 kabla ya kuondoka; mwenye historia ya mzio mkali, 30.

Kama wilaya itawapa nafasi ya kuchagua chanjo, kisiwani msikubali ya kuchanganya. Ile ya Pfizer ya mwanzo ilihifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 90 chini ya sifuri. Ikishayeyuka na kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8 ilikuwa na siku 31, na hairudishwi kuganda. Kila chupa ilihitaji mililita 1.8 za maji ya chumvi ya hospitali, itoe dozi 6 za mililita 0.3, ziishe ndani ya saa 6. Kupima mililita 0.3 ufukweni, upepo unakupiga na foleni inakusukuma, ni kutafuta makosa.

Njia_ya_Horohoro

BaridiNane kasema vizuri, lakini mpango wenu utavunjikia kwenye dozi ya pili.

Ratiba ya dozi mbili imeandikwa kwa mtu mwenye anuani. Mvuvi wa dago anafuata samaki na upepo; leo yuko kwenu, kusi ikibadilika yuko Pangani au karudi Pemba. Tanzania ilipozindua chanjo ya UVIKO tarehe 28 Julai 2021 ilianza na dozi 1,058,400 za Janssen zilizokuja kupitia COVAX, mpango wa kimataifa wa kugawana chanjo. Ile ilikuwa sindano moja, mililita 0.5, haichanganywi, inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Kwa watu wa dago hakuna iliyofaa kuliko hiyo. Andikeni kabisa kwenye mpango: ya dozi moja ikiwepo, makambi ya dago yapewe hiyo kwanza, na za dozi mbili ziende kwa walio mjini na kwenye mashamba ya mkonge, ambao wiki nne zijazo mtawakuta walipo.

Ikiwepo ya dozi mbili tu, msiwape tarehe za kalenda peke yake. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki na vyombo vinalala pwani. Nendeni siku hizo. Mtawakuta wote, wamekaa wanashona nyavu. Kutoka mwezi mpevu mmoja hadi mwingine ni siku 29 au 30. Sinopharm ilitaka wiki 3 hadi 4, Moderna siku 28. Mkizidisha siku moja mbili hakuna kilichoharibika. Aliyechelewa hata miezi haanzi upya, anapewa inayofuata.

Rejista msiiandike kwa mtaa wala kaya. Iandikeni kwa chombo: jina la chombo, nahodha na simu yake, halafu mabaharia wake, na dago lao linalofuata. Watu wa chombo kimoja huhama pamoja, na ukimpata nahodha umewapata kumi. Kadi itiwe kwenye mfuko wa nailoni unaofungwa, na nahodha azipige picha zote kwenye simu yake. Karatasi tupu haimalizi wiki ndani ya mashua.

Kuhusu mpaka. Tarehe 16 Mei 2020 Kenya ilizuia abiria kuvuka kutoka Tanzania, malori ya mizigo yakaendelea kupita huku madereva wakipimwa. Kwenye vituo vya mpakani vya Horohoro na Lunga Lunga unaweza kuweka kizuizi, lakini kati ya Vanga na Moa bahari ni ile ile na bandari bubu hazina lango. Ukibana penye lango, watu wanahamia pasipo na lango, na huko hakuna anayepimwa wala kuandikwa. Kwa hiyo meza ya chanjo na ya vipimo iwepo dikoni pia, si mpakani tu. Na tafadhali, mtu wa uhamiaji asikae kwenye meza hiyo. Wa Vanga akimwona tu, anavuta nanga, na wenzake wa Pemba wanamfuata.

Kuna jambo moja la safari ambalo kata nyingi hazilifikirii. Karibu nusu ya mizigo ya ndege duniani husafiri matumboni mwa ndege za abiria. Abiria wakikosekana, ndege haziruki, na chanjo za watoto hazifiki. Kuanzia wiki ya tarehe 22 Machi 2020 UNICEF iliona shehena za chanjo zilizopangwa zikipungua kwa asilimia 70 hadi 80, kwa sababu hiyo. Hapa kwetu ndege za kimataifa zilisimama tarehe 12 Aprili na kuruhusiwa tena tarehe 18 Mei mwaka huo. Kata haina pa kuweka akiba, lakini inaweza kuandika kwa mratibu wa chanjo wa wilaya siku ile ile mnaposikia viwanja vya ndege vinafungwa, msingoje mpaka friji ya kituo ibaki na chupa mbili.

Mwambao_Kata

Ahsante sana. Hilo la rejista ya nahodha linaingia kesho. BaridiNane, tukishuku chupa imeganda, tuna njia ya kuhakikisha tukiwa huko huko?

BaridiNane

Huko hapana. Jaribio la kutikisa linataka chupa ya kulinganisha ya toleo lile lile, uigandishe makusudi usiku kucha, uiyeyushe, ndipo utikise zote mbili na kuzisimamisha sambamba. Ndani ya nusu saa mashapo ya ile iliyoganda huzama na kuacha maji safi juu. Unayoishuku ikizama haraka sawa nayo au kuishinda, tupa. Hiyo ni kazi ya kituoni. Tena ni kwa chanjo zenye aluminiamu tu. Ukiifanya kwa Janssen, Pfizer au surua, matokeo hayana maana yoyote. Chupa uliyoiona kwa macho imekuwa barafu haijaribiwi, inatupwa.

Kisiwani itenge yenye mashaka, iandike alama, rudi nayo.

Mikoko_na_Taka

Nimjibu mwenzenu wa kamati. Hewa ukaa itokanayo na nishati ilipungua mwaka 2020 kwa kama asilimia 5 au 6 duniani, na 2021 ikarudi karibu yote. Iliyokwisha kukusanyika angani haikupungua hata mwaka huo wa 2020, iliendelea kuongezeka. Huo ndio msaada wenyewe.

Upande wa pili wa daftari ni huu. Watalii walioingia Tanzania walikuwa 1,527,230 mwaka 2019, wakawa 620,867 mwaka 2020. Viingilio vya watalii ndivyo vinavyoweka mafuta kwenye boti za doria na magari ya hifadhi, Saadani ikiwemo. Hoteli ikifungwa, mpishi na mfua mashuka wanarudi pwani na wavu wa macho madogo au shoka la mikoko, maana jikoni kwake hakungoji janga liishe. Watu wa Tanga tunajua uvuvi wa baruti ulivyoyafanya matumbawe yetu. Doria ikilegea, wenye baruti ndio wa kwanza kujua.

Halafu plastiki. Nchi ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, mwaka haujaisha tukaanza kutupa barakoa za bluu, ambazo ni plastiki tupu, polipropilini, si karatasi kama wengi wanavyodhani. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa dozi bilioni 8 za mwanzo za chanjo ya UVIKO zilizalisha tani 144,000 za mabomba, sindano na visanduku salama. Sehemu yenu ya tani hizo ni vile visanduku vitatu, na swali ni vitalala wapi.

Kisiwani visilale. Msifukie. Shimo la taka za aina hiyo linataka kitako chake kiwe juu ya maji ya ardhini kwa angalau mita 1.5, na liwe mbali na kisima angalau mita 50. Kwenye visiwa vyetu ukichimba mita moja na nusu umeshakutana na maji ya chumvi. Isitoshe, kusi ikianza kula ufukwe, mlichofukia Februari watoto watakiokota Julai.

Kurudi nayo kuna namna yake. Kisanduku kijazwe robo tatu tu, kisha kifungwe. Wanaoshindilia ili wasitumie kingine ndio wanaochomwa. Bomba liingie mara tu baada ya kuchoma, bila kurudishia kifuniko cha sindano. Kila kisanduku kilichofungwa kitiwe kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko, ndoo ifungwe kamba kwenye mbavu ya mashua. Kisanduku kikilowa maji ya bahari, kitako huachia wakati wa kushusha, na anayeshusha mara nyingi ni kijana peku wa dikoni.

Chupa tupu msizitie humo. Kioo kwenye moto hupasuka na kurusha vipande. Zirudi kwenye boksi lake, zihesabiwe: mliondoka na 54, zirudi 54, zenye dawa na tupu. Chupa tupu zenye lebo zikizagaa mitaani, mtu hujaza maji akauza.

Kituoni, kichomea kiwe cha vyumba viwili, na chumba cha pili kifike nyuzi 850 na kuzidi. Anza kwa kuni kavu au vifuu kwa kama nusu saa kabla hujaingiza kisanduku cha kwanza. Visanduku viingie kimoja kimoja. Moshi mweusi maana yake umejaza kupita kiasi au moto haujapata nguvu. Kuchoma kwenye pipa au shimo la wazi msikubali hata mkiambiwa ni dharura: plastiki huyeyuka nusu, moshi wake una sumu, na sindano hubaki nzima kwenye majivu, sasa hazionekani. Majivu yaende kwenye shimo lake lililojengewa. Na msichome saa za kliniki, hasa kusi ikivuma, maana moshi utaingia kwenye majumba.

Aliyechomwa na sindano iliyotumika aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, apelekwe kuanzishiwa dawa za kinga ya VVU haraka, ndani ya saa mbili ikiwezekana, na kamwe isipite saa 72. Mashua moja iwe na ruhusa ya kuondoka mapema kwa ajili hiyo.

DadaWaKliniki

Mbona mnazungumza kama kisiwani kuna wanaume watupu? Dago la siku hizi lina wake na watoto. Dunia nzima, watoto waliomaliza dozi tatu za dondakoo, pepopunda na kifaduro walishuka kutoka asilimia 86 mwaka 2019 hadi 81 mwaka 2021. Watoto milioni 25 walikosa au hawakumaliza, wakati macho yote yako kwenye UVIKO. Safari hiyo hiyo ibebe Penta, polio na surua-rubela. Mtoto aliyeishia Penta ya kwanza haanzi upya, anaendelea, alimradi wiki 4 zimepita. Surua-rubela ni miezi 9 na miezi 18, na aliyepitiliza anachomwa akipatikana.

Kuna wauguzi wanaogopa kufungua chupa ya surua ya dozi 10 kwa mtoto mmoja. Fungueni. Kwenye dago huyo mmoja hamtamwona tena kituoni.

BaridiNane

Naunga mkono, kwa sharti moja: watoto wawe na kibebeo chao, msichanganye na cha watu wazima. Surua ni unga, unataka kiyeyushio cha mtengenezaji yule yule, kilichopoa kwenye nyuzi 2 hadi 8 kama chanjo yenyewe, lakini kisigande, kioo chake kitapasuka. Ukishachanganya, andika saa juu ya chupa. Saa 6 zikifika, au zoezi likiisha kabla, inatupwa hata kama zimebaki dozi tisa. Haina kihifadhi, bakteria huzaliana humo, na mtoto anaweza kufa kwa chanjo ya jana.

Mwambao_Kata

Nimeelewa. La mwisho: kama tunakwenda mwezi mpevu, hayo ni maji ya bamvua, yanayojaa sana na kukauka sana. Tutarudije?

Njia_ya_Horohoro

Bamvua ndiyo inayowapangia ratiba. Siku hizo kwa pwani yetu maji hujaa kama saa 10 alfajiri na saa 10 jioni, na hukauka kama saa 4 asubuhi. Pakiti zitoke kwenye friza saa 9 usiku. Saa 11 alfajiri mnasukuma, maji yanatoka na yanawachukua. Kabla ya saa 2 mko kisiwani, saa 3 mnafungua chupa ya kwanza. Mashua itakaa mchangani, iacheni ikae. Maji yakirudi itaelea yenyewe alasiri, na mnapaswa kuwa mmefunga kazi saa 8 mchana.

Hiyo ni saa 5 za kuchoma kwa watu wazima 240, yaani 48 kwa saa. Mchomaji mmoja hawezi. Wawe wawili na kila mmoja mwandishi wake, wa tatu awe wa watoto. Na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia kipimajoto kila saa na kuandika, asipewe kingine.

Mwambao_Kata

Watano wa meza, mmoja wa kipimajoto, nahodha na mwenziwe. Mashua yetu inachukua kumi na ndoo. Naandika.